Je, Wajua? Saa ya Fahari ya Kuvaa Kila Siku
Je, wajua ya kuwa saa ya mkono iliyoandikwa mita 30, ijapokuwa ni ya thamani kubwa, haikukusudiwa kuzamishwa, kwa sababu kadiri hiyo ni ya shinikizo lililojaribiwa kiwandani, nayo yatosha tu kuihifadhi na jasho na matone ya mvua? Tena kioo cha saa kilicho cha yakuti, ambacho ugumu wake ni 9 katika kipimo cha Mohs, hakikwaruzwi na punje za mchanga, ambazo aghalabu hazizidi 7. Basi atakaye saa ya kuvaa kila siku, kazini na baharini, na achague yenye kioo hicho, kifundo cha kutilia ufunguo kinachokazwa kwa kuzungushwa kama skrubu, na iliyoandikwa mita 100 au zaidi.