Mita Tano za Mwisho

Mei 2, 2000, muda mfupi baada ya saa moja asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, vipokezi vya GPS vya raia duniani kote viliacha kudanganywa. Hadi asubuhi hiyo jeshi la Marekani lilikuwa likiyavuruga makusudi mawimbi ya satelaiti zake ili adui asiyatumie kulenga shabaha. Raia mwenye kipokezi mkononi angeweza kuoneshwa mahali palipo mita 100 kando ya pale aliposimama. Rais Bill Clinton aliagiza uvurugaji huo ukome, na ukakoma.

Kesho yake Dave Ulmer, mtu wa kompyuta kutoka jimbo la Oregon, aliingia porini karibu na Beavercreek akiwa na ndoo nyeusi ya plastiki. Ndani alitia vitabu, programu za kompyuta, manati, kopo la maharage, daftari na penseli. Akaiacha ndoo imezama nusu ardhini, kisha akatangaza kwenye intaneti kodineti zake: nyuzi 45 dakika 17.460 Kaskazini, nyuzi 122 dakika 24.800 Magharibi. Masharti yalikuwa mepesi: ukiiona, chukua kitu, acha kitu, andika daftarini. Siku tatu hazijapita, Mike Teague, ambaye hakuambiwa chochote zaidi ya tarakimu zile, alikuwa ameifikia. Mwezi huo huo mchezo ukapewa jina, jiokeshingi, na Septemba tovuti yake ikafunguliwa ikiwa na orodha ya vikasha 75 vilivyofichwa. Leo vikasha vimepita milioni tatu, katika nchi zaidi ya 190.

Mchezo huu ulizaliwa kosa la kipimo lilipopungua, na unaishi kwa kosa dogo lililobaki. Naona hilo ndilo jambo zuri kuliko yote ndani yake. Kosa lingebaki mita 100, nani angepekua msitu mzima kutafuta ndoo? Lingekuwa sifuri, ungeinama tu na kuokota. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hukufikisha hadi mita tano hivi. Duara la mita tano kila upande lina karibu mita 80 za mraba, na humo mna mizizi, mawe, ua, nguzo, majani makavu. Satelaiti zimemaliza kazi yao, imebaki yako.

Kwa nini tano? Satelaiti za GPS, thelathini na kitu, huzunguka kilomita 20,200 juu yetu, na kila moja hutangaza bila kukoma mambo mawili: ilipo, na saa ngapi. Simu hupima tangazo limechelewa kiasi gani kufika, nako ni takriban sehemu saba za mia za sekunde. Mawimbi hayo huenda kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Satelaiti zina saa za atomiki. Simu yako ina saa ya bei rahisi, na ndiyo maana satelaiti tatu hazitoshi: tatu zinakupa mahali, ya nne inarekebisha saa ya simu.

Halafu yuko Einstein. Saa iliyo kule juu hupungukiwa kwa siku sehemu 7 za milioni za sekunde kwa sababu ya mwendo wake, na huongezeka sehemu 45 kwa sababu mvutano wa dunia huko ni hafifu. Jumla inakimbia mbele sehemu 38. Ni kidogo mno kwa maisha ya mtu, lakini kwa kasi ya mwanga ni kosa la kilomita 11 hivi, linaloongezeka kila siku. Wahandisi hulishughulikia kwa kuzitega saa hizo zitembee polepole kidogo kabla ya kurushwa. Mtoto anayechungulia chini ya benchi la bustani kutafuta kikasha ameletwa pale na nadharia ya uhusianifu ya Einstein, na sijui mchezo mwingine wa watoto unaoweza kusema hivyo.

Makosa yanayobaki hutoka njiani. Tabaka la juu la hewa liitwalo ionosfia huyachelewesha mawimbi, na hapa sisi wa ikweta tuna shida yetu. Chembe za umeme za tabaka hilo hunyanyuliwa juu ya ikweta ya sumaku na kurundikana pande zake mbili. Jua likishazama, tabaka hilo hutoboka mapovu makubwa yanayoyafanya mawimbi yapepese, hasa miezi ya Machi na Septemba na miaka ambayo jua limechachamaa. Msakaji wa Kampala au Mwanza anaweza kuoneshwa mahali panapoyumba saa mbili usiku, ilhali saa nne asubuhi palitulia. Chini huku nako kuta ndefu, majabali na majani yaliyolowa huyarudisha mawimbi kama mwangwi, nayo simu hudhani yametoka mbali zaidi. Chini ya mwembe mshale hucheza ngoma.

Aliyeficha naye alikuwa na kosa lake. Mita tano zake na mita tano zako kwa kawaida huzaa kama mita saba, siku mbaya kumi. Ndiyo sababu wazoefu wakibakiza hatua kumi huitia simu mfukoni. Au hurudi nyuma, wakaja tena kutoka upande mwingine, na kutazama mistari miwili inakutana wapi. Mwenye kuficha vizuri hukaa pale dakika kadhaa, akapima mara nyingi, siku tofauti, na kuchukua wastani.

Kuna mtego mwingine unaofaa kujulikana na kila mwalimu wa jiografia wa Kenya, Uganda na Tanzania. Ramani nyingi za zamani za nchi hizi zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, uliotokana na upimaji wa mstari wa longitudo ya 30 kutoka Afrika Kusini kuelekea Misri. Wapimaji walichagua umbo la dunia lililolingana vyema na ardhi waliyoipima. GPS hutumia umbo jingine, lililotungwa kwa ajili ya dunia nzima. Ukisoma kodineti kwenye karatasi ya zamani na kuziingiza kwenye simu bila kubadilisha mfumo, utapelekwa karibu mita 300 kando, zaidi ya kule kuvuruga kwa jeshi. Tarakimu ni sahihi na ramani ni sahihi. Vipimo vimeanzia mahali tofauti.

Ukishafika, kazi ni ya jicho, na jicho huona linachotarajia. Waficha vikasha wanalijua hilo. Kuna vikasha vya ukubwa wa ncha ya kidole vyenye sumaku, vingine vimetengenezwa kama bolti na kupachikwa kwenye ua ulio na bolti arobaini za kweli. Dawa yake ni kuacha kutafuta sanduku na kutafuta kilichopangika kupita kiasi. Upepo haulazi vijiti sambamba. Jiwe bapa lililokaa sawasawa juu ya jingine lina mtu nyuma yake. Kila kikasha hupewa daraja mbili, 1 hadi 5: ugumu wa kukitambua na ugumu wa njia. Njia ya 1 inapitika kwa kiti cha magurudumu. Ya 5 inadai vifaa maalumu. Mwaka 2008 mtalii wa anga Richard Garriott alikiweka kimoja kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachoizunguka dunia kila dakika 90 hivi. Hicho ni 5 bila ubishi.

Mtu anayepapasa chini ya benchi kisha akaondoka anatia shaka, na ana haki ya kutiliwa shaka. Julai 2011, mjini Wetherby, Uingereza, kikasha kilichofichwa karibu na mkahawa kilidhaniwa bomu, na wataalamu wa jeshi wakakilipua. Nairobi na Dar es Salaam, miji iliyoonja mabomu ya Agosti 7, 1998, haihitaji kuelezwa. Mwenye kuficha aombe ruhusa ya mwenye ardhi, atumie chombo kinachoonesha kilichomo ndani, aandike juu yake ni nini, na akae mbali na madaraja, kambi na shule. Asichimbe shimo. Asiweke chakula, maana nyani hasomi masharti. Na mahali pakianza kukanyagwa hadi nyasi kufa, akiondoe.

Kwa sehemu zisizostahimili kufichwa kitu, tangu 2004 upo mtindo usio na kikasha. Unapelekwa penye somo la miamba, unajibu maswali ambayo aliyekaa nyumbani hawezi kuyajibu, basi. Huo ndio ningependa usambae pwani yetu kwanza. Ngome ya Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe yaliyoota zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Swali la kwanza kwa msakaji: tafuta umbo la tumbawe ndani ya mwamba, chini ya ukuta, ulichore. La pili: tumbawe hilo liko mita ngapi juu ya maji yanapojaa? Simu haitamsaidia, kwani kwa urefu wa kwenda juu GPS hukosea zaidi kuliko kwa mahali. Atahitaji kamba yenye alama, jedwali la kupwa na kujaa, na kufika siku ya bamvua.