Kujitunza si kuachwa peke yako

Mtu wa sukari au presha humuona daktari mara chache tu kwa mwaka. Siku zote zilizobaki, daktari wake ni yeye mwenyewe. Ndiye anayejipima, anayekumbuka tembe, anayeamua asubuhi ale mahamri mangapi. Lakini kujitunza kwataka vifaa, dawa na mtu wa kuuliza. Hapo ndipo serikali inapoingia, na wengi wetu hapa Pwani hatujui tunachostahiki.

Tuanze na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Ndani yake mna hazina tatu. Ya kwanza hulipia huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Huko hutakiwi kuwa umelipa mchango, bali uwe umejisajili tu, na waweza kujisajili kwa simu kupitia *147#. Ya pili ndiyo bima yenyewe, ya hospitali kubwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mvuvi au mama muuza viazi karai hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu, na husaidia pale bima inapofika kikomo.

Kuna pia wahamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha takriban watu 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Muulize mzee wa mtaa wenu ni nani anayehudumia nyumba zenu.

Akija, mwambie akuandikie vipimo kwenye daftari. Presha ikizidi 140/90 mara kwa mara, nenda zahanati. Sukari ikishuka chini ya 4, kunywa maji ya sukari papo hapo, kisha upime tena baada ya dakika 15. Kagua nyayo kila jioni, kwani kidonda cha mguu chaweza kuanza bila maumivu. Na kabla ya Ramadhani, mapema, zungumza na daktari kuhusu saumu na dozi zako, usijipangie mwenyewe.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Mamangu ana sukari. Mashine ya kupimia anayo, lakini stripu hununua dukani, na kila moja hutumika mara moja tu. Mwezi pesa zikibana, hapimi. Zahanatini ameshaambiwa zaidi ya mara moja kwamba dawa zimekwisha, akajaribu tena wiki ijayo. Mtu kama huyu utamwambiaje ajitunze? Mguu ukikatwa au figo zikifa, gharama yake haifanani hata kidogo na ya stripu.

Zahanati ziko chini ya kaunti, na sheria inataka wananchi washirikishwe bajeti inapopangwa. Mkutano huo ukiitishwa wadini kwenu, nendeni. Wengi tutauliza barabara na taa. Mmoja wetu asimame amuulize MCA: dawa za presha na stripu za sukari zimetengewa shilingi ngapi mwaka huu, na zahanati yetu itazipata lini?