Kwaza huwaka, hailipuki

Mwanafunzi wangu wa tafsiri ameandika: "Setilaiti imeona mlipuko wa kwaza." Sasa hapo kimelipuka nini?

Kwaza ni kiini cha galaksi ya mbali mno, chenye shimo jeusi linalomeza gesi. Sehemu ya gesi hiyo hurushwa nje kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Mchirizi huo ukituelekea, miali yake ya gama hupanda kwa siku kadhaa, kisha hushuka. Kwaza yenyewe haipasuki. Ndiyo maana napendelea "mwako": moto huwaka, hufifia, ukawaka tena. Novemba 2010, kwaza 3C 454.3 iliwaka hadi ikaupita mwangaza wa pulsa ya Vela, kinara wa kawaida wa gama angani. Mwanga huo ulikuwa umesafiri miaka bilioni 7 hivi.

"Darubini" nayo ina kasoro. Kwa Kiajemi ni kitu cha kuonea mbali, lakini gama haikusanywi kwa kioo; hupenya. Fermi ya Marekani na AGILE ya Italia zilitumia mabamba ya tangsteni: mwali ukigonga hapo huzaa elektroni na positroni, na nyayo zao huonyesha ulikotoka. Huo ni mtego bwana, si jicho! Ila neno limeshazoeleka, tuliache.

Hewa yetu huizuia gama, kwa hiyo mitego hiyo huwekwa angani. Data za AGILE, iliyorushwa 2007 na kuanguka 2024, zilipokelewa Malindi, kwa Waswahili wenyewe. Basi wahariri, "mlipuko" tuuwekee nyota zinazopasuka kweli.