Shabaha: Mchezo wa bunduki unaoamuliwa na upepo, pumzi na nidhamu

Na Mwandishi Wetu, Ilongero

KWA wakazi wengi wa Ilongero, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, neno shabaha huleta picha ya askari au ya vijana wa mgambo wanaohitimu mafunzo. Ni wachache wanaolihusisha na michezo, licha ya kwamba kulenga shabaha kumekuwamo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1896, sawa na riadha, mchezo ulioujengea mkoa huo jina kubwa zaidi.

Hata hivyo, mkoa wa Singida una kitu kimoja ambacho walenga shabaha wa masafa marefu hukiogopa na kukiheshimu kuliko kingine chochote, nacho ni upepo. Ule ule upepo wa kiangazi unaopiga katika mashamba ya alizeti na uwele, na ambao umewavutia kwa miaka mingi wapangaji wa miradi ya umeme, ndio unaoamua nani ashinde na nani ashindwe katika mchezo huu.

Mwisho wa wiki unavyokwenda

Mashindano ya bunduki ya masafa marefu, yanayofuata taratibu zilizoenea kutoka Uingereza, kwa kawaida huchukua siku mbili au zaidi. Siku ya kwanza hutumika kwa masafa mafupi ya yadi 300, 500 na 600. Siku inayofuata wachezaji husogea nyuma hadi yadi 900 na 1,000. Yadi 1,000 ni mita 914, yaani karibu sawa na kukizunguka kiwanja cha riadha mara mbili na robo.

Mchezaji hulala kifudifudi, mkono wake wa mbele ukiwa umefungwa mkanda unaoishikilia bunduki isitikisike. Haruhusiwi kutumia darubini juu ya bunduki. Hulenga kwa kupitia tundu dogo la nyuma na pete ya mbele. Hupewa risasi chache za majaribio, kisha hufyatua 7, 10 au 15 zinazohesabiwa, kulingana na hatua ya shindano.

Upande wa pili, chini ya tuta kubwa la udongo, wamo wahudumu ndani ya handaki. Kila risasi inapotoboa karatasi, huishusha shabaha, huweka alama mahali ilipotoboka na kuipandisha tena ili mfyatuaji aone. Risasi iliyopiga duara la katikati hupata alama 5, na alama hupungua kadiri inavyokwenda pembeni. Ndani ya duara hilo kuna jingine dogo zaidi lenye herufi V, linalotumika kuwatenganisha waliolingana. Hivyo anayefyatua risasi 15 bila kosa hupata alama 75, na mara nyingi mshindi hupatikana kwa hesabu ya V pekee.

Kazi huwa nyingi kuliko mtazamaji anavyodhani. Mchezaji aliyemaliza zamu yake hugeuka kuwa mwandishi wa alama wa mwenzake, na baadaye huenda handakini kuhudumia shabaha. Kwa siku nzima, muda anaokuwa ameshika bunduki ni mdogo kuliko ule anaowatumikia wengine.

Hesabu ya upepo

Risasi ya milimita 7.62 huchukua takribani sekunde moja na nusu kufika yadi 1,000. Katika muda huo, upepo wa kasi ya kilometa 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni unaweza kuisukuma kwa zaidi ya mita 2. Duara la alama 5 katika umbali huo lina upana wa sentimeta 61 tu. Mchezaji asiyeurekebisha mtambo wake wa kulengea atakosa kabisa, hata kama mkono wake haukutikisika.

Ndiyo maana kabla ya kufyatua, mchezaji hutazama bendera zilizopangwa uwanjani, majani yanavyoinama, na mazigazi yanayocheza juu ya ardhi yenye joto. Upepo ukibadilika wakati amekwisha kuvuta pumzi, hulazimika kuacha, kupumua na kuanza upya. Wenye uzoefu hushusha pumzi, kisha huibana kwa sekunde chache wakati wa kuvuta kifyatulio, kwa kuwa hata mapigo ya moyo huweza kuihamisha ncha ya mtutu.

Mashindano mashuhuri zaidi ya aina hii yalianza mwaka 1860 katika viwanja vya Wimbledon, ambako Malkia Victoria alifyatua risasi ya kwanza ya ufunguzi. Mwaka 1890 yalihamia Bisley, kusini mwa Uingereza, ambako yangali yanafanyika kila mwezi Julai. Mwaka 1930 Marjorie Foster alikuwa mwanamke wa kwanza kuitwaa tuzo kuu mbele ya wanaume, jambo lililothibitisha kwamba mchezo huu hautegemei misuli.

Usalama kwanza

Sheria za uwanjani hazina mzaha. Bendera nyekundu hupeperushwa muda wote wa kufyatua. Hakuna bunduki inayojazwa risasi kabla ya amri ya msimamizi, na amri ya kusitisha inaweza kutolewa na mtu yeyote atakayeona hatari. Bunduki isiyotumika hubaki wazi ili kila mtu aone kwamba haina kitu ndani.

Suala zito zaidi ni ardhi. Risasi ya bunduki ya aina hiyo inaweza kusafiri zaidi ya kilometa 3, kwa hiyo eneo la nyuma ya shabaha halina budi kuwa tupu. Katika wilaya yenye vijiji, mashamba na njia za mifugo, hilo si jambo dogo. Aidha, mawe makubwa ya granaiti yaliyotapakaa Singida ni hatari, kwa sababu risasi ikigonga jiwe huweza kuruka kuelekea upande usiotarajiwa. Uwanja salama huhitaji tuta la udongo laini, si mlima wa mawe.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu chungu ya ardhi ya malisho kuchanganywa na ardhi ya mazoezi ya silaha. Mwaka 2002 Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya Wamasai na Wasamburu 200 wa Kenya, kutokana na vifo na majeraha yaliyosababishwa na mabomu yaliyosalia katika maeneo ya mazoezi ya kijeshi. Risasi za michezo hazilipuki kama mabomu hayo, lakini funzo ni lile lile: mfugaji lazima ajue mpaka uko wapi na bendera inamaanisha nini.

Nafasi ya Tanzania

Nchini, mchezo huu umekuwa zaidi mikononi mwa majeshi, na ni miongoni mwa michezo inayoshindaniwa chini ya Baraza la Michezo ya Majeshi Tanzania (BAMMATA). Njia hiyo ya majeshi imekwisha kuzaa matunda kwingineko. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo mwaka 2025, ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ).

Kwa raia, mlango ni mwembamba. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji wa leseni awe ametimiza umri wa miaka 25. Kwa kulinganisha, Ban Hyo-jin wa Korea Kusini alikuwa na umri wa miaka 16 aliponyakua medali ya dhahabu ya bunduki ya upepo katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Tofauti hiyo ya miaka 9 inaeleza kwa nini mchezo huu hauwezi kukua bila klabu zenye silaha zinazotunzwa na kusimamiwa na chombo kinachoaminika, badala ya kila kijana kutafuta yake.

Jukwaa nalo limepungua. Michezo ya Jumuiya ya Madola iliiingiza shabaha mwaka 1966 mjini Kingston, lakini iliiacha Birmingham mwaka 2022, na haikuirudisha katika orodha ya michezo 10 ya Glasgow 2026. Uamuzi wa Birmingham uliiudhi India kiasi cha kutishia kujitoa.

Bunduki ya upepo hata hivyo ina nafuu kwa mji mdogo. Shabaha yake huwa umbali wa mita 10 tu, ndani ya ukumbi, na kitovu cha alama 10 ni nukta yenye upana wa nusu milimita. Mchezaji hufyatua mara 60 kwa dakika 75. Haidai kilometa za ardhi tupu wala haichukui malisho ya mtu. Inachodai ni ukumbi wenye ukuta imara, mwalimu aliyefuzu, kabati la chuma lenye kufuli, na idhini ya mamlaka husika.