Ukuzaji wa Tando Nyembamba za Fuwele za Semikondakta za Kikaboni kwa Ajili ya Transista

Transista za kikaboni zinatarajiwa kuwezesha utengenezaji wa vihisi na skrini juu ya plastiki inayokunjika, bila tanuri za joto kali zinazotumika katika viwanda vya silikoni. Makala haya yanaeleza jinsi utando wa fuwele wa transista hizo unavyokuzwa. Hoja yake kuu ni kwamba ubora wa transista hautokani na molekuli peke yake, bali pia na namna utando ulivyokuzwa na ulivyopimwa.

Katika silikoni, atomi hufungamana kwa nguvu kubwa. Katika semikondakta za kikaboni, molekuli hushikana kwa nguvu dhaifu, na ndiyo maana nyingi kati yake huyeyuka katika vimiminika vya kawaida vya maabara. Udhaifu huo una gharama yake. Chaji hulazimika kupita kutoka molekuli moja hadi nyingine, na hunaswa pale fuwele mbili zenye mielekeo tofauti zinapokutana. Isitoshe, mkondo wa transista hupita katika tabaka chache tu za molekuli zilizo karibu na kihami. Kwa hiyo utando wa makumi ya nanomita hutosha, lakini kasoro ndogo katika tabaka hizo hudhoofisha kifaa kizima.

Ukuzaji kwa njia ya myeyusho huanza kiyeyusho kinapovukizwa. Myeyusho hukolea kupita kiasi, kisha viini vya fuwele hujitokeza. Viini vingi vikizuka kwa pamoja, matokeo huwa fuwele ndogondogo zilizoelekea kila upande. Lengo la mkuzaji ni kupata viini vichache na kuziongoza fuwele zikue kuelekea upande mmoja.

Mifano miwili ya mwaka 2011 inaonesha uzito wa jambo hili. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kundi la Zhenan Bao liliburuta bamba juu ya myeyusho wa TIPS-pentasini uliowekwa kwenye kitako chenye joto. Kwa kubadili kasi ya bamba, watafiti walipunguza umbali kati ya molekuli kutoka nanomita 0.333 hadi 0.308. Uhamaji wa chaji, yaani wepesi wa chaji kusafiri ndani ya utando, uliripotiwa kupanda kutoka 0.8 hadi 4.6 cm²/Vs. Molekuli ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mpangilio wake.

Nchini Japani, watafiti wa taasisi ya AIST walitumia printa ya wino kuweka kwanza kimiminika kisichoyeyusha semikondakta, kisha myeyusho wa C8-BTBT juu yake. Fuwele zilikua kwenye uso wa tone, mahali kimiminika kinapokutana na hewa, zikatandaa zikiwa na unene wa nanomita 30 hadi 200. Wastani wa uhamaji ulioripotiwa ulikuwa 16.4 cm²/Vs, ilhali silikoni isiyo ya fuwele, iliyotumika kwa muda mrefu katika skrini bapa, huwa na takriban 1 au chini yake.

Hata hivyo, takwimu za namna hii zahitaji kusomwa kwa tahadhari. Mwaka 2016, watafiti wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, pamoja na washirika wao, walionesha kwamba ukinzani kwenye viungo vya elektrodi, unaobadilika kadiri volti ya lango inavyobadilika, unaweza kuukuza uhamaji unaokokotolewa mara kumi au zaidi. Dalili yake ni mchoro wa mkondo wenye mpindo: hupanda kwa kasi mwanzoni, kisha hulegea. Anayekokotoa uhamaji kutokana na sehemu yenye mwinuko mkali hupima tabia ya kiungo na kudhani amepima utando.

Kwa mshauri wa sera, funzo ni bayana. Ukuzaji kwa myeyusho unaweza kuanza bila mitambo ghali ya ombwe, lakini hauna maana bila maabara ya upimaji inayoaminika. Kabla ya mradi kufadhiliwa, yafaa kuuliza: takwimu iliyotolewa ni wastani au ni ya kifaa bora kimoja? Vifaa vingapi vilipimwa? Je, mchoro wa mkondo umenyooka? Utando uleule ukikuzwa tena wiki inayofuata, utatoa matokeo yaleyale? Mradi usioweza kujibu maswali hayo bado haujawa teknolojia ya kujengewa kiwanda.