Kusoma Jibu la Kipimo cha Damu cha Hapesi

Katika mazungumzo ya kila siku, neno chanya hubeba sifa njema nalo hasi hubeba lawama. Maabarani mambo hupinduka: hasi ndiyo faraja, chanya ndiyo simanzi. Mintarafu ya malengelenge ya sehemu za siri yasababishwayo na virusi vya hapesi, maneno haya mawili huweza kumpotosha msomaji, hata uchumba ukavunjika kwa karatasi iliyosomwa visivyo. Makala hii inakusudia kufafanua namna ya kuyasoma.

Kwanza, kipimo cha damu hakitafuti virusi. Hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda ili kupambana na virusi hivyo. Kwa hivyo, jibu halielezi maambukizi yalitoka kwa nani wala yaliingia lini. Aidha, kingamwili za aina ya kwanza, ambayo wengi huipata utotoni, hazibainishi iwapo virusi viko mdomoni au kwingineko. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 walikuwa na aina hiyo, na watu milioni 520 wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na aina ya pili.

Pili, mwili huhitaji muda kuunda kingamwili. Apimwaye majuma mawili tu baada ya tendo analolishuku huweza kupata hasi ilhali ameambukizwa. Yafaa arudie majuma 12 baada ya tendo hilo. Ikiwa lilitokea tarehe 1 Machi, basi apimwe tena kuanzia tarehe 24 Mei.

Tatu, chanya nayo ina viwango. Katika vipimo vingi vya kingamwili za IgG, chini ya 0.9 ni hasi, 0.9 hadi 1.1 haiamui, na zaidi ya hapo ni chanya. Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu; lakini si kila wingu hunyesha. Kwa aina ya pili, chanya isiyofikia 3.0 huweza kuwa ya uongo, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 unaagiza ithibitishwe kwa kipimo cha mbinu tofauti. Kipimo cha IgM hakipendekezwi, kwani hakiwezi kutofautisha maambukizi mapya na ya zamani. Penye kidonda, majimaji yake yachukuliwe mapema kabla hakijapona, kwa kuwa humo hutafutwa virusi vyenyewe.

Chanya ikithibitishwa, hakuna dawa ya kuviondoa virusi mwilini, lakini zipo za kupunguza makali na kujirudia kwa vidonda. Hali kadhalika, aina ya pili huongeza uwezekano wa kuambukizwa VVU. Hivyo kondomu na kipimo cha VVU visisahauliwe. Kabla ya kumnyoshea mwenzio kidole, msomaji, muulize daktari maswali matatu: ni kipimo gani, ni kiwango gani, na yamepita majuma mangapi?