KUPASULIWA KWA SARATANI YA UMIO UKIWA MZEE: MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUKUBALI



Ukurasa huu unawahusu wazee wetu pamoja na watoto wao wanaowauguza. Unaeleza saratani ya umio, yaani kansa ya njia ya chakula, ile inayotoka kooni na kushuka hadi tumboni. Hasa unaeleza jambo moja gumu: mgonjwa ana miaka 65, 70 au zaidi, na daktari wa mjini anamwambia kwamba anaweza kupasuliwa. Akubali au akatae?

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Upande huu wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Uganda na Tanzania hadi Malawi, unajulikana duniani kwa kuwa na wagonjwa wengi wa saratani ya umio. Huanza polepole. Kwanza ugali na nyama vinakwama, mgonjwa anasukuma kwa maji. Halafu hata uji unapita kwa shida, na mwisho mate yenyewe. Anakonda. Wengi husema ni vidonda vya tumbo, wengine husema ni karuho, na mgonjwa anazunguka kwa waganga miezi mitatu au minne. Kukata kilimi hakusaidii kitu hapa. Mtu mzima ambaye chakula kinamkwama kwa zaidi ya wiki mbili aende kituo cha afya cha kambi na aseme maneno hayohayo: "Chakula kinakwama." Asiseme tu kwamba tumbo linamuuma, kwa maana anaweza kupewa dawa za tumbo na kurudishwa nyumbani.

KUFIKA NGAGARA

Kutoka kambi kama Gasorwe, Musasa, Bwagiriza au Kavumu, mgonjwa wa namna hii hupelekwa Bujumbura kwa karatasi ya rufaa. Wenye jamaa mjini mara nyingi hulala Ngagara, mtaa wa kaskazini ambao Wabelgiji walianza kuujenga miaka ya 1950 kupitia idara yao ya OCAF. Ndiyo maana wazee wa Bujumbura bado wanauita Okafu. Ni mahali pazuri pa kufikia, kwa sababu Kamenge iko jirani, na Hospitali ya Chuo Kikuu, ambayo watu wengi huiita Roi Khaled, iko hukohuko. Mwambie mwenyeji wako mapema kwamba huenda si siku mbili. Vipimo peke yake vinaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kipimo cha kwanza ni kuingiza mpira mwembamba wenye taa na kamera mdomoni hadi ndani ya umio. Hakipendezi lakini ni cha muda mfupi. Daktari anachukua kipande kidogo cha nyama ili kichunguzwe. Bila jibu la kipande hicho, hakuna anayeweza kusema kwa hakika kuwa ni saratani. Kipimo cha pili ni picha ya skana ya kifua na tumbo, kuona kama ugonjwa umetoka mahali pake.

Jibu la picha ndilo linaloamua mengi. Kama saratani imefika kwenye ini, mapafu au mifupa, kisu hakitaiondoa, na kumpasua mzee ni kumwongezea mateso. Wagonjwa wengi wa kwetu hufika katika hali hii kwa sababu ya kuchelewa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari liwe hili: "Ugonjwa umekwisha kusambaa?"

UPASUAJI WENYEWE

Kama haujasambaa, kuupasua umio ni kazi kubwa kuliko upasuaji karibu wote mnaoujua. Si kama henia. Mgonjwa analazwa usingizi kwa saa nyingi. Tumbo linafunguliwa, mara nyingi na kifua pia. Umio wenye ugonjwa unakatwa, na tumbo la chakula linavutwa juu liungwe na sehemu ya umio iliyobaki. Hatari kubwa ni mbili: kiungo hicho kuvuja, na mapafu kushikwa na nimonia. Mgonjwa anahitaji chumba cha wagonjwa mahututi chenye oksijeni ya uhakika, na wauguzi wanaomwangalia usiku na mchana.

Hapa kuna jambo ambalo watu wachache huliuliza. Nchini Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 uliangalia wazee wa miaka 65 na zaidi waliofanyiwa upasuaji huu. Katika hospitali zinazoufanya mara chache sana, karibu mgonjwa 1 kati ya 5 alifariki. Katika hospitali zinazoufanya mara nyingi, walikuwa chini ya 1 kati ya 10. Hiyo ni Marekani, penye kila mtambo! Basi usione haya kumuuliza daktari: "Hapa mnapasua wagonjwa wangapi wa namna hii kwa mwaka, na wangapi hurudi nyumbani?" Daktari mzuri hakasiriki. Anayekasirika naye amekujibu.

Na miaka je? Umri peke yake si kizuizi. Mzee wa miaka 72 anayelima, anayepanda mlima hadi kwenye bomba la maji bila kusimama kupumzika, anaweza kuvumilia kuliko mtu wa miaka 58 mwenye moyo mbovu na mapafu ya mvutaji sigara. Madaktari wanapima moyo, pumzi, sukari, presha na uzito. Uzito ndio unaowaangusha wazee wetu. Aliyekonda sana hapasuliwi kabla ya kulishwa kwanza, na wakati mwingine huwekewa mpira wa kupitishia uji hadi tumboni.

Sasa fikirini maisha ya baadaye, tena fikirini yakiwa ndani ya kambi. Aliyetolewa umio hali sahani ya ugali na maharage mara moja kwa siku. Anakula kidogokidogo, mara sita au zaidi: uji mzito, yai, parachichi, samaki aliyepondwa. Akila kwa haraka anatoka jasho, moyo unakimbia, anaharisha. Halali chali kabisa. Upande wa kichwa wa kitanda chake unainuliwa kwa matofali ili chakula kisirudi. Nguvu huchukua miezi kurudi, mara nyingi zaidi ya sita. Nani atamsagia? Kuni za kupika mara sita zitatoka wapi? Maswali haya ni ya familia kabla ya kuwa ya daktari, nasi tunaona yanasahauliwa mno.

NJIA NYINGINE

Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mionzi pamoja na dawa za saratani za kuingizwa mshipani, zikitangulia kisu, huongeza maisha. Nusu ya waliopata hayo yote waliishi zaidi ya miaka 4; waliopasuliwa tu, nusu yao walipita miaka 2. Walikuwa wagonjwa waliochaguliwa, wenye nguvu, wasiozidi miaka 75. Mwaka 2025 hukohuko Uholanzi ulichapishwa utafiti mwingine: wagonjwa ambao baada ya mionzi na dawa hawakuonekana tena na saratani waliachwa bila kupasuliwa, wakiangaliwa kwa vipimo vya mara kwa mara. Baada ya miaka 2, waliokuwa hai walikaribia kulingana na wale waliopasuliwa. Kwa mzee hili ni neno kubwa, lakini linataka mashine ya mionzi. Dar es Salaam ipo, katika Taasisi ya Ocean Road. Kigali ilianza Kanombe mwaka 2019, ila mpaka wa Burundi na Rwanda ulifungwa Januari 2024. Mkimbizi hawezi kuvuka kwa karatasi ya rufaa peke yake. Anahitaji hati ya safari na kibali, kwa hiyo uliza ofisi ya ulinzi kabla ya kuuza hata kuku.

Kwa ambaye ugonjwa umesambaa, au asiyetaka kisu, kazi ni kumfungulia njia ya chakula. Hospitali ya Tenwek, Bomet, nchini Kenya, imewawekea mamia ya wagonjwa bomba la waya linalojitanua ndani ya umio bila kupasua. Mtu aliyeshindwa kumeza mate anaweza kunywa uji tena baada ya muda mfupi. Saratani haiponi, lakini hafi kwa njaa. Maumivu nayo yana dawa: mofini ya maji, ambayo Hospice Africa imeitumia Uganda tangu 1993. Kumpa mgonjwa mofini kwa kipimo cha daktari si kumuua.

KAMATI YA RUFAA

Tusifichane. Rufaa za gharama kubwa huamuliwa na kamati, na kamati huangalia bei na matumaini ya kupona. Nchini Jordan, kati ya 2010 na 2012, kamati ya namna hii ilipokea maombi 511 ya wakimbizi wenye saratani. Yaliyokubaliwa yalikuwa 246. Ukikataliwa, omba uelezwe sababu, na uulize kama jibu jipya la kipimo linaweza kurudishwa mezani. Kukataliwa kupasuliwa hakukuondolei haki ya kutibiwa maumivu na kusaidiwa kula. Usiuze kadi ya chakula, wala usimpe mtu pesa anayesema atalisukuma jina lako.

Mwisho, nani anaamua? Ni mzee mwenyewe, maadamu akili zake ni timamu. Tunajua desturi: watoto wanamficha baba jina la ugonjwa, wanatia sahihi kwa niaba yake, naye anaamka na kovu la kifua asilolielewa. Mwambieni. Mpeni siku mbili tatu. Akisema hataki, msimwite mwoga. Akisema anataka, msiseme amekula chumvi nyingi inatosha. Kama hazungumzi Kifaransa wala Kirundi, ombeni mkalimani, asiwe mjukuu mdogo.

Siku ya safari beba karatasi ya rufaa, kadi ya mkimbizi, picha na majibu yote ya zamani, dawa unazotumia, kikombe na blanketi. Mwuguzaji mmoja anatosha, naye jina lake liandikwe kwenye rufaa kabla ya gari kuondoka.